Susu Mstari wa Mbele

Vumbi lililolala miaka mingi ndani ya kompyuta likipata joto hutoa harufu ambayo mtu haisahau. Ina udongo mkavu kidogo, waya kidogo, na kwa ile mashine ya Ankol Muli ilikuwa pia na panya kidogo. Mwezi uliopita binamu yangu Kilonzo, mwanawe Ankol, alinipigia simu nipitie dukani kwake Kabati. Alikuwa akisafisha stoo akaikuta mashine ya babake chini ya magunia. Nilipoingia alikuwa ameshaichomeka kwenye umeme, na ile harufu ilinipokea mlangoni kabla yeye hajanisalimia. Nilisimama pale na mkoba begani nikacheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimerudi darasa la sita.

Mama yangu alikuwa mwalimu kule Mukuyuni, na kila likizo ya Agosti alinipeleka Matinyani kwa mama yake baba. Sisi tulimwita Susu, ndivyo Wakamba tunavyomwita nyanya. Jina lake lilikuwa Mumbua, na mimi ndiye niliyepewa jina hilo. Kwetu mtu uliyepewa jina lake hamwachani. Susu alikuwa akinionyesha kwa wageni na kuwaambia, "Huyu hapa ni mimi," kisha akinitazama vizuri aliongeza, "lakini leo sijaoga."

Ankol Muli alikuwa kitinda mimba wa Susu. Alikuwa na duka la kupiga chapa pale Kabati, akiandika barua za kuomba kazi, kadi za harusi na ratiba za mazishi. Kompyuta yake aliinunua ikiwa imetumika katika ofisi fulani huko barabara ya Mombasa, na mwenyewe wa kwanza alikuwa amesahau mchezo ndani yake. Mimi na Kilonzo tuliugundua siku moja wateja walipokosekana. Kuanzia hapo tulikuwa tunaombea biashara ya Ankol iwe mbaya, na nyinyi mnaosoma haya naomba msimwambie.

Msifikirie michezo ya siku hizi yenye magari na mabomu. Ule ulikuwa kioo cheusi, kuta zimechorwa kwa mistari ya kijani, na chini maandishi ya Kiingereza tuliyoyasoma kwa kuungaunga. Uliunda wasafiri wanne, ukawapa majina na kazi, ukawatuma kwenye vijiji na mapango kutafuta taji la mfalme lililoibwa. Hapakuwa na ramani. Njia uliishika kichwani. Ukikutana na adui, mashine ilinyamaza ikakusubiri. Ungeweza kwenda kunywa uji, urudi, ungemkuta yule jitu bado ameinua rungu anangojea uamue. Mimi nilikuwa mtoto wa kufikiri polepole, shuleni nikichekwa kwa hilo, na kile kilikuwa kitu cha kwanza duniani ambacho hakikuwahi kuniharakisha. Nilikipenda sana.

Ubaya wake ulikuwa mmoja. Msafiri akifa, mashine iliandika kifo chake papo hapo. Uizime, uiwashe, uombe, utamkuta bado amekufa.

Kugawana kazi kulituletea ugomvi. Kilonzo alijifanya askari. Mwizi wa kufungua milango tulimpa jina la Muli, na Ankol aliposoma aliifunga droo ya pesa kwa ufunguo. Walibaki mganga wa kutibu majeraha na yule mwingine wa kurusha moto kwa maneno. Kilonzo akasema wa moto awe Mumbua. Ankol aliruka kutoka kwenye mashine ya fotokopi. "Wewe! Mama yangu hawezi kuandikwa mchawi kwa kompyuta yangu. Hapa kuna watu wa kanisa wanaingia." Kwa hiyo Mumbua akawa mganga, na mchawi tukampa jina la Tinga, punda wa Susu, ambaye tulijua hatalalamika.

Jioni tulimweleza Susu tukiwa tunaambua mbaazi. Nilitarajia atasema ni mambo ya shetani. Badala yake aliacha mbaazi mkononi akauliza, "Kwa hivyo mimi niko ndani ya hiyo mashine?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama tumekula kabla ya kuingia pango. Akauliza nani amebeba maji. Tangu siku hiyo kila jioni, kabla hata sijavua viatu, swali lilikuwa moja: "Leo nimefika wapi?" Nami nilimwambia: leo umevuka daraja, leo umemtibu Kilonzo kichwa, leo umelala msituni. Alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Ndiyo maana miguu inaniuma."

Shida ilianza alipouliza anatembea wapi katika ule msafara. Kilonzo akamweleza ukweli, kwamba waganga huwekwa mstari wa nyuma pamoja na mchawi, ili wasipigwe.

"Nyuma? Na punda?"

Alikasirika kweli, hata mbaazi zikamwagika. Yeye amezaa, amelima, amezika mume, amelea wajukuu, halafu aende safari nyuma ya watoto akitembea na punda! Kesho yake, kwa kumheshimu, tulimhamisha Mumbua mstari wa mbele. Tuliingia pangoni. Tukakutana na mjusi mkubwa kuliko ng'ombe, na mjusi hakumjua Susu. Alimpiga, akampiga tena. Maandishi yakasema Mumbua amefariki, na kando ya jina letu pakatokea msalaba mdogo.

Kilonzo alitoka nje akilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake tena. "Susu amekufa! Ai, Susu Mumbua amekufa!" Mlangoni pa duka alikuwa ameketi Mama Wanza, muuza nyanya, ambaye alikuwa akiimba na Susu katika kikundi cha akina mama kanisani. Hakuuliza neno. Alifunika nyanya zake kwa gunia, akajifunga leso, akasimamisha pikipiki ya kwenda Matinyani. Mimi sikujua hayo. Nilikuwa ndani nimeshika ile kibodi, nikibonyeza kila kitu.

Nisiwadanganye, niliogopa vibaya. Mwenye jina langu alikuwa amekufa ndani ya mashine, na mimi ndiye niliyemsogeza mbele. Sikujua kama kitu kama hicho kinabaki ndani ya kioo au kinatoka. Ankol, aliyekuwa ametoka kupeleka kadi kwa mteja, aliporudi kufunga duka alitubeba kwenye pikipiki yake bila kujua kwa nini tumenyamaza, na njia nzima niliomba tumkute Susu akitugombeza.

Kabla hatujafika tulisikia wimbo wa mazishi unatoka nyumbani kwetu.

Ankol aliizima pikipiki katikati ya njia. Uani palikuwa na akina mama wengi wa kanisa, leso viunoni, wengine wamekuja na kuni, wengine na sukari, nyanya na majani ya chai. Sufuria kubwa ilikuwa tayari jikoni. Nikajua nimemuua Susu, nimemuua kwa vidole hivi hivi, na kwamba hakuna mtu atakayenielewa nikimweleza.

Ndipo nikasikia sauti moja katika ule wimbo. Kila wimbo una mtu anayechelewa kuuacha, na kanisani kwetu mtu huyo alikuwa Susu. Wengine wakimaliza mstari yeye alibaki kidogo, akaumalizia taratibu kwa sauti nyembamba inayotetemeka. Akina mama walinyamaza, na ile sauti ikabaki. Nilikimbia nikipenya katikati ya leso. Susu alikuwa amesimama nyuma ya wote karibu na zizi, amemshika Tinga kwa kamba, madumu ya maji bado yako mgongoni mwa punda. Alikuwa ametoka kuchota maji mtoni, kwenye mashimo ya mchanga, akakuta watu wanaimba kwake. Yeye si mtu wa kukatiza wimbo wa wenzake, basi alijiunga nao, akaimba beti zote, machozi yakimtoka kwa huruma. Kisha akamwinamia jirani yake kwa adabu na kuuliza, "Ni nani huyo ametuacha?"

Jirani aligeuka. Sitaeleza alivyopiga kelele. Mama Wanza alikalia nyanya za mtu. Wawili walifika barabarani wakikimbia kabla ya kufikiri kwamba marehemu huwa haji na punda. Mimi nilikuwa nimemkumbatia Susu kiunoni nikilia mpaka nikashikwa na kwikwi, naye akiniuliza, "Kwani ni wewe umekufa?"

Ilibidi Kilonzo aeleze yote mbele ya kanisa zima: mjusi, pango, mstari wa mbele. Ankol akaanza kutazama pikipiki yake kwa mbali. Kisha Susu akaanza kucheka polepole, akaketi chini, akacheka mpaka leso ikamdondoka kichwani. Mama mmoja akanyoosha mkono kuchukua sukari yake. Susu akamwambia aiache hapo hapo. Chai ilipikwa, wote wakanywa, na miaka yote aliyobaki nayo Susu alipenda kujisifu: "Mimi sukari ya matanga yangu niliinywa mwenyewe."

Lakini asubuhi alivaa nguo ya kanisani. "Nipelekeni nikaone mahali nilifia."

Aliketi kwenye kiti cha Ankol, akavaa miwani, akautazama ule msalaba kando ya jina letu. Akauliza kama hakuna dawa. Tulijua ipo, kwa kuwa mashine ilisema wafu huamshwa na maji fulani, ila hatukujua yako wapi. Susu akataka tumrudishe mwanzo kabisa wa safari. Kwenye kijiji cha kwanza alisimama mwanamke mwenye mtungi. Kilonzo alikuwa amebonyeza kumsalimia mara moja, yule mwanamke akasema karibuni, tukapita.

"Mlimsalimia mara moja tu? Na mkamwacha amesimama na mtungi?" Susu aliona haya kwa niaba yetu. "Mtu hujamuuliza watoto, hujamuuliza mbuzi, hujamuuliza mvua. Atakuambia nini? Salimia tena." Akakisogelea kioo, akasema kwa sauti, "Wakya!", salamu yetu ya Kikamba, na Ankol akaiitikia "Aa!" kutoka kwa fotokopi kwa mazoea tu. Tukabonyeza. Yule mwanamke akasema miguu inamuuma. Susu akasema, "Mnaona?" Tukabonyeza tena. Akasema mwanawe alikwenda mbali hajarudi. Susu akampa pole. Tukabonyeza tena, na yule mwanamke akatuambia tuutwae mtungi wake, tumnyweshe rafiki yetu aliyelala.

Msalaba ukafutika. Nilipiga ukelele mpaka Mama Wanza akachungulia kwa hofu. Susu alivua miwani akaifuta. "Sasa nirudisheni mbele," akasema.

Tulimrudisha, na safari hii Kilonzo alimvalisha kila chuma tulichokuwa nacho. Tulisalimia kila mtu njiani hadi wakachoka nasi. Taji hatukulipata, shule zilifunguliwa tukiwa mbele ya mlango wa mwisho, na likizo iliyofuata mashine iliharibika. Lakini swali la Susu halikukoma. Nilienda shule ya bweni, nikirudi ananiuliza, "Nimefika wapi?" Nami, nikijua ananitania, nilibuni pango na mjusi tukacheka. Nilienda chuo Mombasa, akawa ananiuliza kwa simu. Siku niliyopata kazi Nairobi aliniuliza tena, nikaanza utani wangu wa mapango, akanikatiza. Akataka nimwambie ofisi ina dirisha ama haina, na dirishani kunaonekana nini. Nikamweleza miti na paa za nyumba. Akasema, "Haya. Nimefika mbali."

Aliaga dunia kweli miaka michache baadaye, mzee, usingizini. Tulipomwimbia, kila mstari uliisha mapema mno. Ni siku hiyo, nimesimama uani karibu na zizi, ndipo nilipoelewa kwamba huenda tangu jioni ya kwanza ya mbaazi hakuwa akiulizia mashine. Alikuwa mwanamke ambaye safari yake ndefu kabisa ilikuwa Kitui mjini. Alikuwa na miguu mingine, yangu, na alitaka kujua ilikomfikisha.

Na mwezi uliopita, pale dukani Kabati, Kilonzo alikuwa ameifufua ile mashine sijui kwa ujanja gani. Majina manne yakatokea kwa kijani: Kilonzo, Muli, Tinga, na mbele yao wote Mumbua, mzima, amesimama mbele ya mlango wa mwisho. Amesubiri pale miaka yote hii bila kuniharakisha.

"Tuingie?" Kilonzo akaniuliza.

Nilivuta kiti. Nikamwambia kwanza Susu nimjulishe amefika wapi, kisha tuingie, na asithubutu kumrudisha mstari wa nyuma.