Likizo niliyomnunulia binti yangu mwenye usonji vitabu vya sungura, yeye akachagua cha mabomba

Wakuu, habari za majukumu.

Huu uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie. Yote nitakayoandika yamenitokea mimi mwenyewe. Kuna sehemu yananiaibisha, lakini nimeyaacha kama yalivyokuwa, maana nikianza kujipamba hapa hamtapata msaada wowote.

Nimeona, likizo ya mwezi wa sita ikikaribia, wazazi mnaulizana vitabu vya kuwanunulia watoto wenye usonji. Kabla hamjakimbilia dukani, someni kwanza mimi nilivyochemka.

Nina mtoto mmoja. Nina fremu ndogo Kariakoo, nauza vifungo, zipu na nyuzi za mafundi cherehani. Tunapanga Buguruni. Binti yangu nitamwita Zai. Mwaka jana, wakati haya yanatokea, alikuwa na miaka kumi na moja, darasa la nne. Hospitali waliniambia ana usonji alipokuwa na miaka sita.

Wale wa "picha tafadhali", mtoto simweki mtandaoni. Tuelewane mapema.

Zai anaongea, ila kidogo. Ukimuuliza "Shule ilikuwaje?" anakaa kimya, kwa sababu shule ni kitu kikubwa na hajui unauliza kipande kipi. Hili nimelielewa juzi juzi tu. Miaka yote nilidhani ananinunia.

Sasa siku ya kufunga shule mwezi wa sita mwalimu wake wa darasa akaniita. Ni mama aliyenizidi umri, mstaarabu, hakunifokea.

"Mama Zai, nikueleze ukweli," akasema. "Mtoto hasomi. Nikimpa kitabu anakiangalia tu. Na lile tatizo lingine linaendelea."

Tatizo lingine, wakuu, ni kujikojolea darasani. Mara mbili, mara tatu kwa wiki. Wenzake wanacheka, anarudi nyumbani sketi imelowa. Nilishamchapa kwa hilo, nami nalisema mapema msije mkanifikiria mtu mwema.

"Shule ikifunguliwa nitamsomesha mbele yako," mwalimu akaendelea. "Ikishindikana tutafute shule nyingine inayoweza kumsaidia. Sisi hapa tumefika mwisho."

Shule nyingine kwa Zai maana yake ni njia mpya, sura mpya, kelele mpya. Hiyo aliyopo ilimchukua miaka miwili kuizoea. Nilitoka pale nimeamua likizo hiyo mtoto atasoma, atake asitake.

Hapa ndipo nilipokosea, na ni kosa la mtu wa Kariakoo kabisa.

Sisi tukienda kuchukua mzigo hatuulizi kizuri ni kipi. Tunauliza kinachotoka ni kipi. Zipu nyeusi zikiwa zinatoka, unabeba nyeusi, hata kama moyo wako uko kwenye nyekundu. Basi nikaenda kwa dada mmoja anayepanga vitabu vya mtumba barazani, mitaa miwili kutoka kwangu, nikamuuliza vilevile: "Vya watoto vinavyotoka sana ni vipi?"

Akanipa vitano. Vyote hadithi: sungura, fisi, simba, picha za rangi. Nikabeba.

Zai akavipanga sakafuni dukani, kuanzia kirefu hadi kifupi. Akamaliza, akaendelea na mambo yake. Hakufungua hata kimoja.

Siku ya tatu nikamlazimisha. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaanza kumsomea sungura anavyomdanganya fisi.

"Sungura haongei," akasema.

"Ni hadithi, Zai. Humu anaongea."

"Haongei."

Nikapandisha sauti. Akaziba masikio, akaanza kujigonga kichwa kwenye rafu, vifungo vikamwagika, watu wanatazama. Mteja mmoja akaniambia nimpeleke mtoto akaombewe. Nilimfokea yule mteja mpaka akaondoka bila zipu zake. Ukweli ni kwamba hasira zile zilikuwa za kujikasirikia mwenyewe, yeye aliingia tu katikati.

Kesho yake nikavirudisha vile vitabu, kishari. Nikamwambia yule dada kaniuzia vitu visivyofaa. Anaitwa Neema, mtu wa Masasi, hana haraka na maisha. Akavipokea, akaniuliza, "Kwani yeye anapenda nini?"

Nikaanza. Hapendi honi. Hapendi lebo ya nyuma ya shati. Hapendi mchuzi uguse wali kabla hajauchanganya mwenyewe. Hapendi harufu ya samaki, wala ya petroli.

"Dada, hayo ni asiyoyapenda," akasema. "Nimeuliza anayoyapenda."

Wakuu, najua fundi gani anataka kifungo cha matundu mawili na yupi anataka cha manne. Mwanangu wa kumzaa sikuwa najua anapenda nini. Nilijisikia vibaya sana.

Neema akasema nimlete Jumapili asubuhi, kabla mitaa haijajaa. Nikampeleka. Akamwambia kitu kimoja tu, "Zai, gusa chochote," kisha akaendelea kupanga. Mimi akanikataza kusema neno. Kwa mtu mwenye mdomo kama wangu hiyo ilikuwa adhabu.

Zai alizunguka karibu saa nzima. Vingine alivinusa. Mwishowe akakaa chini na kitabu chakavu, jalada limeshikwa na selotepu. Nikachungulia. Cha kufundishia mafundi bomba. Michoro ya koki, matanki na viungio, kila kipande kina namba yake, na chini maelezo mafupi ya Kiswahili.

Nikashindwa kujizuia. "Hicho siyo kitabu cha kusoma, mama. Hicho cha mafundi."

Yeye alishaweka kidole kwenye namba moja, anaifuata namba mbili, midomo inatembea. Neema akanitazama. Nikanunua.

Likizo nzima alikuwa nacho. Dukani alikisoma chini ya meza, nyumbani alikaa nacho karibu na bomba la uani, wapangaji wenzangu wanamruka na ndoo zao. Akaanza kunisomea mwenyewe, polepole, bila kuombwa. Akimaliza ukurasa ananishika mkono kunipeleka kwenye kitu chenyewe: hii koki, hili tanki, maji yanashukia hapa. Nililia mara mbili, nikageukia ukutani asije akadhani nimekasirika.

Shule ikafunguliwa. Tukakaa ofisini, mimi, yeye na mwalimu. Mwalimu akampa kitabu cha darasa, hadithi ya kobe. Zai akakitazama. Dakika zinakwenda, hasomi hata neno.

Mwalimu akashusha pumzi. Nikatoa kile cha mabomba kwenye mkoba.

"Mama Zai, hicho siyo kitabu cha kusoma," akasema, kwa upole tu.

Ningemkasirikia vipi, na mimi nilisema hivyohivyo? Nikamwambia, "Mwalimu, naomba ufungue popote unapotaka wewe."

Akafungua katikati. Zai akasoma. Taratibu, kwa kidole, lakini hakuruka neno. Palikuwa panaeleza kwa nini bomba la chini ya sinki linapindishwa. Nadhani mwalimu alihisi amekariri, maana alikifunga kitabu akamuuliza, "Haya, kwa nini linapinda?"

"Maji yanabaki kwenye kona. Harufu ya shimo haipiti."

"Vizuri."

Zai alikuwa bado hajamaliza. "Sinki la choo cha wasichana limenyooka. Harufu inapanda. Inaingia kichwani. Siwezi kuingia."

Mwalimu akainuka, tukaenda wote watatu. Zai akabaki mbali, amebana pua. Mimi na mwalimu tukainama chini ya sinki la kunawia, pale mlangoni mwa choo. Bomba limeshuka moja kwa moja mpaka shimoni. Labda la mwanzo lilivunjika, mtu akaunganisha kipande kilichonyooka yakaisha. Harufu sote tuliisikia, ila kwetu sisi ni choo tu, unabana pumzi unaingia.

"Kumbe ndiyo maana," mwalimu akasema. "Muda wote huo."

Wakuu, nilimchapa mtoto kwa jambo hili. Nilimwita mvivu, mchafu, nikamwambia ananiaibisha. Na yeye alikuwa anajibana tangu asubuhi mpaka mwili unashindwa, hana maneno ya kunieleza, mpaka alipoyakuta kwenye kitabu cha mafundi.

Nilipiga magoti palepale uwanjani nikamwomba msamaha. Akanitazama kidogo, akasema, "Kona, mama. Waweke kona."

Kona iliwekwa wiki ileile. Zai bado yuko shule yake. Sketi inarudi kavu.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiuliza watoto wa wenzako wanasoma nini, utapata kitabu cha watoto wa wenzako. Wako mwangalie anaganda wapi: kwenye magari, wadudu, ramani, mashine ya kushonea. Tafuta kitabu cha hicho, hata kama ni cha watu wazima, hata kama hakina hadithi. Michoro yenye namba na sentensi fupi vimetusaidia sisi. Wengine hadithi za sungura zinawafaa kabisa, jirani yangu ana kijana mwenye usonji anazimeza kama njugu. Na mpeleke akachague saa ya utulivu, halafu wewe funga mdomo.

Mimi pia nina shida. Kitabu kimeisha, sasa anauliza maji machafu ya Buguruni yakishatoka kwetu yanafikia wapi. Sijui. Mwenye kitabu cha Kiswahili cha mambo hayo, hata kiwe kimechakaa, aniandikie hapahapa.

Walimu mliomo humu, mkiwa na mtoto anayejikojolea darasani, kabla ya kumwita mzazi ingieni kwanza kwenye choo anachokikwepa, mvute pumzi kama anavyovuta yeye.

Na kama kuna mzazi ameshamchapa wake kwa kitu kama hiki, karibu tuongee. Kwenye uzi huu hutachekwa.