Nilivyopelekwa kwa Wageni na Ngurumo Chini ya Kitenge

Naandika haya nikiwa nimefunga mlango, na uso bado unaniwaka ingawa ni wiki ya tatu sasa, kwa sababu leo tena mama mmoja anayeuza maandazi karibu na foleni ya malori ameniita "bibi harusi wa dharura" mbele ya watu wa darasa langu, nami nimeona heri niseme mwenyewe jinsi ilivyokuwa kuliko kuiacha Tunduma nzima inisimulie vibaya. Wanaonifahamu wanajua mimi ni mtu wa aibu. Mwalimu akiniuliza swali (nipo kidato cha tatu) nasimama, naangalia viatu vyangu, nakaa tena bila kusema neno, na jibu ninalo. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyejikuta amepiga magoti mbele ya wageni ishirini na kitu, amefunikwa kitenge, anaulizwa kama anakubali kuposwa.

Chanzo ni kimashine. Dada yangu Faidesi anauza mabegi ya mtumba, na siku moja alipofungua belo jipya alikuta kwenye mfuko wa ndani wa begi moja la mkononi kimashine cha gemu, kile cha kukunja, kimechubuka kona zote. Fundi simu akakitengenezea waya wa chaji. Maandishi yake yote ni ya kigeni, kama vijiti na vibanda vilivyopangwa, hatukusoma hata neno moja, tukajifunza kila kitu kwa kubonyeza na kukosea. Tena kilikuwa na ugonjwa: hakitunzi. Ukikizima, au chaji ikiisha, kila ulichofanya kinapotea na unaanza upya, mtoto mdogo wa kwenye gemu amesimama nje ya nyumba yao hana hata kiumbe mmoja. Kwa hiyo hatukuwa tunakizima. Tulikiacha kinawaka usiku na mchana kwenye chaji, chini ya mto, kama mtu anayeatamisha mayai.

Gemu yenyewe ni ya kukamata viumbe. Wako mamia. Wengi ni wa kawaida, ukipita kwenye majani wanakurukia kama panzi, unawanasa kwa mtego mdogo wa duara, unawafuga, wanakua na kukupigania. Lakini wapo wachache, sidhani kama wanafika kumi, ambao huwakuti kwenye majani. Hao kila mmoja yuko peke yake katika dunia nzima ile. Mmoja tuliona nyayo zake tu, na ndani ya unyayo mmoja palijengwa nyumba tatu. Mwingine amelala chini ya ziwa, na watu wa kijiji cha kando ya ziwa hilo wote wanatembea kwa kunyata (ndivyo walivyochorwa, wananyata, mpaka watoto). Na wa tatu tukamwita Ngurumo, maana jina lake halisi hatukuweza kulisoma.

Mara ya kwanza tulipomfikia, muziki ulikatika. Kioo kikawa cheupe, kisha akajitokeza polepole, mwili mrefu wa rangi ya mawingu yanayoishukia milima ya Mbozi kabla ya mvua, manyoya ya shingoni yanatembea na upepo hakuna, macho mawili ya manjano yasiyopepesa. Viumbe wengine ukikutana nao wanakushambulia papo hapo. Yeye alitulia tu. Faidesi, ambaye hata akiomba chumvi anaomba kwa sauti ya sokoni, alininong'oneza, "Melina, anatuangalia." Nilisikia nywele zinanisimama. Najua ni picha. Naandika tu kilichonipata.

Siku ile tulimpiga mno, akaanguka kabla hatujamtegea, na tuliporudi pale mlimani palikuwa patupu. Tulirudi tena na tena. Patupu. Ndipo tulipoelewa kwamba anakuja mara moja tu, na ukimharibia harudi, mpaka uanze dunia upya. Basi tukaanza upya. Ilituchukua siku kumi na moja, kimashine hakijazimwa hata mara moja, tukafika tena kwenye mlango wa pango lake Ijumaa jioni, na Faidesi akasema tusiingie, tuingie kesho pamoja, wageni wakishaondoka, kwa raha zetu.

Kwa sababu Jumamosi ilikuwa siku ya barua yake ya posa. Mchumba wake, Amoni, ni wa Ndalambo, na mipango ilikuwa barua ikipokelewa, Jumapili asubuhi Shangazi anaondoka na Faidesi kwenda Hasamba kumfunda mpaka ndoa. Yaani tulikuwa na jioni moja tu. Faidesi alimpenda Amoni kweli, kwa miaka miwili, na Baba alikuwa amesumbua mpaka akakubali kuwaona watu wake, kwa hiyo siku ile haikuwa ya kuchezea.

Katika ukoo wetu binti anayeposwa hakai na wageni. Anafichwa chumba cha ndani, anafunikwa kitenge kuanzia kichwani mpaka magotini, halafu shangazi yake anamtoa kwa kumshika kiwiko, anampigisha magoti mkekani, na baba anamuuliza mara tatu kama barua ipokelewe. Mara mbili za kwanza ananyamaza, ndiyo heshima, asionekane ana haraka. Ya tatu anajibu. Akinyamaza na ya tatu, amekataa, na wageni wanainuka na barua yao bila kugusa chakula, wala hawarudi tena kwenye nyumba hiyo. Shangazi alilirudia hilo tangu asubuhi kana kwamba ni mtihani wa taifa.

Saa saba zikaja habari kwamba wageni wamekwama nyuma ya malori, watachelewa. Faidesi akakimbilia kwa jirani kumalizia nywele. Na umeme ukakatika.

Hapa ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilikuwa namenya viazi, nikajiambia niende chumbani niangalie tu taa ya kimashine. Kuangalia tu. Taa ilikuwa nyekundu. Kumbe waya ulikuwa umelegea tangu usiku na hakikuingia chaji, na nilijua kwa uzoefu kwamba taa ikishakuwa nyekundu una nusu saa, labda na kidogo. Siku kumi na moja. Nikakaa kitandani. Nikafikiri kumwita Faidesi, lakini ana nywele nusu kichwa na nyumba ile imejaa wake wa wajomba. Nikaona niingie mimi pangoni, nimkamate kwa niaba yetu wawili, nimwonyeshe akirudi. Jua la dirishani lilikuwa linapiga kioo, sioni kitu, na kando yangu kulikuwa na kitenge kipya cha bluu kimekunjwa vizuri, nikajifunika nacho kichwa ili nipate giza. (Ndiyo, kitenge chenyewe. Najua.)

Muziki ukakatika, kioo kikawa cheupe, akaja. Chini ya kitenge, mwanga wake ulinijaa mikononi. Safari hii nilikuwa mwangalifu, nampunguza nguvu kidogo kidogo, naye kila nikimgusa anazidi kunitazama, mpaka nikawa namwomba samahani kimoyomoyo. Ndipo mlango ukafunguliwa.

"Ah, umeshajifunika mwenyewe," ilikuwa sauti ya Shangazi. "Afadhali mmoja ana akili humu ndani. Inuka, mama, wameshafika."

Nikafungua mdomo.

"Usiseme kitu. Kuanzia hapa mpaka mkekani huongei."

Mimi na Faidesi tunalingana urefu, tunabadilishana magauni. Mtu mwingine angefunua kitenge akasema Shangazi, ni mimi, yangeisha kwa kicheko cha watu wawili. Mimi nikafunga mdomo. Kidole changu cha kushoto kilikuwa kinaziba spika (kitufe cha kupunguza sauti kiling'oka zamani), cha kulia kiko kwenye kitufe cha mtego, na kiwiko changu kiko mkononi mwa Shangazi, tukatoka. Nilijipa moyo kwamba Faidesi atatokea njiani. Halafu nikajipa moyo kwamba Mama atanitambua kwa miguu. Halafu nikaona pindo la mkeka.

Kwa chini niliona miguu tu. Viatu vya Amoni vilivyong'arishwa, vinatetemeka kidogo. Kandambili za mshenga, mzee wa Kinyamwanga, zina vumbi la Ndalambo. Nikapiga magoti. Mshenga akachuchumaa, nikasikia mikono yake ikipiga makofi ya salamu, taratibu, pa, pa, pa, na wageni wote wakampokea. 

"Mwanangu," Baba akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia akiwa nayo, laini, "hawa wageni wamekuja na barua. Tuipokee, au waende nayo?"

Nikanyamaza. Mpaka hapo nilikuwa sahihi.

Na kwa kuwa mikono haikuwa na kazi nyingine na Ngurumo alikuwa amebakiwa na nguvu kama unyuzi, nikarusha mtego. Sijui kwa nini. Nadhani nilikuwa nimeogopa kiasi kwamba nilifanya kile pekee nilichokuwa najua kufanya. Mtego ukamfunika. Mtego ukitikisika mara tatu bila kufunguka, kiumbe ni wako.

"Mwanangu, nakuuliza mara ya pili. Tuipokee barua?"

Mtego ukatikisika mara moja. Kidole kikateleza kwenye spika, na Ngurumo, kutoka ndani ya mtego, akalia. Sijui niielezeje sauti ile. Inaanza chini kama lori linalopanda mlima na mzigo, halafu inafunguka. Chumba kizima kikashtuka. Mtu akaangusha kikombe.

"Jamani, binti ana njaa?" mshenga akasema, na wengine wakacheka kwa wasiwasi.

"Ni simu ya mtu," Shangazi akasema kwa ukali. "Zimeni simu zenu. Kaka, endelea."

Mtego ukatikisika mara ya pili.

"Mwanangu." Sauti ya Baba sasa ilikuwa imekauka. "Nakuuliza mara ya mwisho."

Viatu vya Amoni viliacha kutetemeka, vikasimama kabisa, na hapo ndipo nilipoelewa nilikuwa nimekalia kitu gani. Nikisema pokeeni, nimeposwa mimi. Nikinyamaza, nimemkatalia dada yangu mume wake. Sekunde zilikuwa zinakwenda na kila mtu anazihesabu. Nikafunua kitenge.

"Baba, siyo mimi," nikasema. "Faidesi anasukwa."

Kimashine kikaniponyoka, kikadondoka mkekani mbele ya mshenga. Sitaeleza uso wa Shangazi. Mama alikaa chini kwenye ndoo. Na wakati huohuo Faidesi akatokea mlango wa nyuma, nusu ya kichwa mabutu na nusu imesimama kama ufagio, akatuangalia sote, Baba, Amoni, mimi na kitenge chake mabegani, kisha akaangalia mkekani.

"Umemkamata?" akaniuliza.

Mbele ya wageni wote. Hakuuliza kingine.

Nikainama nikaokota kimashine. Kioo kilikuwa cheusi. Taa imezimika.

"Nimemkamata," nikasema.

Faidesi akafunika mdomo kwa mikono miwili. Halafu akaja akapiga magoti pale pale kando yangu, bila kitenge, na nywele zile, akamtazama Baba usoni, jambo lisilofanyika, akasema, "Baba, pokeeni barua." Mshenga akaanza kupiga makofi, watu wakapiga makofi, Amoni akawa anafuta macho kwa tai yake.

Nilidhani nimepona, lakini yule mzee akanigeukia. "Sasa wewe mjukuu wangu, hebu niambie. Kile kilicholia ni nini?" Nami, ambaye siwezi kujibu swali la jiografia, nikajikuta namweleza. Nilieleza rangi yake na macho yake, na kwamba yuko mmoja tu. Hakuna aliyecheka. Mzee akafikiri, akauliza, "Na akiondoka harudi?" Nikasema harudi. Akatikisa kichwa polepole. "Basi nawe ulikuwa na shughuli yako," akasema.

Shangazi alinisema njia nzima ya kwenda stendi kesho yake. Ni haki yake. Nimejiapiza kwamba kwenye siku ya mtu sitagusa kitenge chake, wala mto wake, wala sitatoka jikoni mpaka wageni wamalize kula, waage na wapotee kona ya mwisho.

Faidesi hunipigia Jumapili kwa simu ya Shangazi. Hana muda, anasema kule ni kufundwa na kupepeta tu, lakini kila mara lazima aniulize, "Hebu nisimulie tena. Mtego ulivyotikisika mara ya tatu, alifanyaje?" Mara ya tatu sikuiona. Nilikuwa nimefunua kitenge, namwangalia Baba, na nilipotazama chini palikuwa peusi. Huenda tulimpata. Huenda alivunja mtego akaenda zake. Kila Jumapili najiandaa kumwambia, nasafisha koo kabisa, halafu nasikia anavyosubiri kule upande wa pili, kimya, yeye asiyejua kunyamaza, nami nasema, "Alitulia. Akatutazama kidogo. Kisha akafumba macho."