Agness na Mashine Namba Tatu

Agness Masatu aliingia kiwanda kimoja cha kuchambua pamba pale Bunda akiwa mfagiaji. Miaka kumi na mmoja baadaye alikuwa msimamizi wa zamu ya mchana, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Watu walimjua kwa upole. Siku ile upole ulimtoka.

Beringi ya mashine namba tatu ilikuwa inachemka. Fundi Renatus aliigusa kwa mgongo wa mkono, akaurudisha haraka.

"Dada, hii ikitoa cheche moja tu tumekwisha. Zamani tulikuwaga tunazima."

Agness akaenda kwa meneja, Chrispin. Nje malori ya pamba yalikuwa yamepanga foleni hadi barabarani.

"Msimu huu hakuna kuzima mashine," meneja alisema, macho kwenye simu. "Beringi mpya inakuja Jumamosi. Endesheni hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo? Utakuja kusimama pale wewe?"

Meneja akarudi kwenye simu yake. Alitoka kifua kinamfuka. Mwaka jana "hivyo hivyo" ilimkata mfanyakazi mwenzao Kulwa vidole viwili, na ripoti ikaandikwa kuwa ni uzembe wake Kulwa!

Hata hivyo hakukurupuka. Alimuuliza Renatus kama mashine mbili zilizobaki zingemaliza mzigo zikiongezewa watu. Zingemaliza, ila kwa kuchelewa saa mbili. Akaiita zamu yake.

"Nazima namba tatu. Mzigo ukilala, anafukuzwa Agness, siyo nyie. Nani anabaki na mimi?"

Walibaki wote. Akashusha swichi kwa mkono wake mwenyewe.

Lori la mwisho lilipakuliwa saa kumi na mbili jioni. Renatus alipoifungua ile beringi, ikamwagika vipande vipande viganjani mwake.

Jumatatu mkurugenzi alikuja kutoka Musoma, akamsifu meneja kwa uamuzi wa busara wa kuzima mashine. Chrispin akazipokea sifa, akatabasamu. Mchana akampa Agness barua ya onyo kwa kukaidi amri.

"Weka sahihi hapo chini."

Agness akaandika: NILIZIMA MIMI. NITAZIMA TENA. Kisha akamfuata mkurugenzi kwenye gari, akampa barua mkononi.

"Soma, mzee. Halafu muulize fundi nani alizima."

Onyo lilifutwa wiki hiyo hiyo. Hakuna aliyemwomba radhi. Chrispin bado ni meneja, na Agness hadi leo humpita mlangoni bila salamu.