Akina mama wa Ushirombo walivyokaa matanga shuleni ili sisi watoto wa vita tusome

Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Nimesoma nyuzi zenu za "watu wa dini wanajua sadaka tu" nikakereka. Naleta yangu. Chumvi sijaongeza. Uzee huu nidanganye ili nipate nini?

Vita vya Kagera vilitukuta Missenyi, mpakani kabisa. Nilikuwa darasa la sita. Tulikimbia mimi, mama na mdogo wangu, na nguo za mwilini na sufuria moja. Tulihangaika wiki kadhaa mpaka tukafika Ushirombo kwa mjomba, mkulima wa pamba. Mjomba mtu mwema, ila chakula kilikuwa cha kupima.

Mama akanipeleka shule ya pale (jina naliacha). Mwalimu mkuu akataka barua ya uhamisho, transfer mnayoiita. Mama akamweleza kwamba shule yetu imepigwa mabomu. Akajibiwa basi arudi, akamtafute mwalimu mkuu wa kule aandike nyingine.

Jamani! Arudi vitani akafuate barua. Leo nacheka, siku ile mama alilia njia nzima.

Tulikuwa watoto saba wa vita pale, wote tumekataliwa. Mjomba akaamua nitafutiwe kazi ya kulea mtoto Kahama, na lori linaondoka Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nilijua nikipanda lile lori, shule ndo basi tena.

Jioni mama akalisema kwenye jumuiya, kile kikundi cha sala cha Wakatoliki majirani. Kiongozi wao alikuwa Mama Yustina, mfupi, mpole, hata kuku alikuwa anamfukuza kwa kumbembeleza. Akasikiliza, wakasali, akasema kesho asubuhi wote wafike shuleni na kanga mbili mbili.

Tulipofika tukakuta akina mama kama thelathini wamekaa chini uwanjani. Kanga kichwani, miguu wamenyoosha, rozari mkononi. Sisi saba tukawekwa katikati. Yaani mkao wa msiba kabisa.

Sasa kwa msiojua mila za kule: msiba ni wa wote. Usipofika kwa mwenzako, siku ukifiwa utachimba kaburi peke yako. Kwa hiyo kila aliyepita akaona akina mama wako chini hakuuliza, alirudi nyumbani kuchukua cha kuleta. Kufika saa nne pana kuni, unga, mihogo, na wazee wasiosali kabisa wameacha ng'ombe wamekuja. Mmoja akauliza kaburi linachimbwa wapi.

Mwalimu mkuu naye akatoka ofisini, kofia mkononi, akanong'ona kuuliza nani amefariki. Akina mama wakaendelea kuhesabu rozari zao.

Ndipo katibu wa tawi la chama akafika na baiskeli, kafura. Enzi hizo mjue, kukusanyika hovyo ilikuwa kesi. Akauliza mkusanyiko huu una kibali cha nani. Mimi nikajua tumewaponza.

Mama Yustina akapiga goti, akamwamkia shikamoo, akasema taratibu:

"Baba, msiba uliombewa kibali lini? Hawa watoto wameshazika huko walikotoka. Tusiwazike tena wao wakiwa hai."

Katibu akatutazama mmoja mmoja. Akalaza baiskeli, akakaa chini. Msibani husimami, hata uwe nani.

Akabaki mwalimu mkuu peke yake amesimama, uwanja mzima uko chini unamtazama. Akaingia ofisini. Akatoka na rejista, akakaa kwenye vumbi karibu yetu, akaiweka gotini na kuanza kuuliza majina. La kwanza aliandika langu.

Mihogo ilipikwa palepale, tukala naye. Jumamosi lori liliondoka, mimi niko shambani kwa mjomba napalilia pamba na kuimba.

Nilisoma, nikawa mwalimu, sasa nimestaafu. Miaka yote hiyo, mtoto akinijia bila karatasi nilimwambia, "Kaa kwanza uandike, barua tutaitafuta wote."

Nilichojifunza: imani ya watu wale ilikaa chini vumbini kwa ajili ya mtoto wasiyemjua, na haikumtukana mtu. Mungu awalipe, mimi siwezi.

Nawe kama kuna aliyewahi kukukalia vumbini, mtaje hapa tumshukuru wote.