Madigadi ya Kushoto

Norman Chettle alikuwa na desturi ya kurudi mara tatu kuhakikisha kwamba valvu ya gesi imefungwa. Mara ya kwanza aliishika, mara ya pili aliitazama, na mara ya tatu, akiwa amekwisha kuvaa koti, alisimama mlangoni mwa karakana akainusa hewa.

"Mzee, ukifa tutakuzika na hiyo valvu," Glyn, mchomeleaji wetu kutoka Wales, alikuwa akimwambia. "La sivyo utafufuka kuja kuiangalia."

Norman hakucheka. Alirudi mara ya nne.

Alizaliwa Coventry, akaingia kiwanda cha magari akiwa na miaka kumi na sita, akawekwa upande wa mabati. Kiwanda kilipofungwa alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Ndipo alipokuja kwenye karakana hii iliyo nyuma ya mfereji, ambamo tuko wanne tu: mwenye karakana, Norman, Glyn, na mimi ninayeshona viti na ngozi. Tunatengeneza magari ambayo hayana pacha. Zamani Mwingereza mkaidi aliweza kununua chasisi na injini tupu, akaipeleka kwa mafundi wa bodi, wakaivalisha kwa vipimo vyake kama fundi cherehani anavyomkatia mtu suti. Mengi ya magari hayo yalitengenezwa moja moja tu, bila la pili kufuata.

Gari la Bi Audrey Fennimore lilikuwa mojawapo. Baba yake, daktari wa mifugo, alinunua chasisi ya Jaguar mwaka 1953, akawapelekea ndugu wawili wa hapa mjini walioitwa Pargeter. Alitaka gari la viti viwili, la kasi, lenye nafasi ya kamba za kuzalishia ng'ombe, na paa ambalo halingemlazimisha kuvua kofia. Alilipata. Sasa ndugu wale wamekufa, michoro haikuwahi kuwapo, na kila kilichobaki cha fikira zao kilikuwa katika alumini ile ya kijani iliyokaa miaka ishirini ghalani.

Taa ya mbele ya kushoto, iliyokaa ndani ya madigadi, lile bati linalofunika gurudumu, ilikuwa chini kidogo kuliko ya kulia. Norman aliliona hilo siku ya kwanza.

"Liligongwa hili," alisema. "Likanyooshwa na mlevi."

Hakuna aliyembishia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jicho kama lake. Ila kulikuwa na jambo ambalo hakutaka tulijue. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vikigeuka vyeupe na kufa ganzi, baada ya miaka mingi ya kushika mashine za kusugulia zinazotetemeka. Fundi bati hupapasa; kiganja humwambia palipo na kinundu ambacho jicho halikioni. Cha Norman kilikuwa kimeanza kunyamaza. Kwa hiyo, badala ya kupapasa, alipima. Alikata kadibodi kufuata madigadi ya kulia, akaigeuza, na kutokana nayo akatengeneza madigadi mpya ya kushoto. Alipoona matundu ya bolti ya zamani hayalingani nayo, alinyoosha ukingo wa bodi, akaziba matundu yale na kutoboa mengine.

Ile ya zamani aliikunja kwa buti mara mbili ili iingie katika pipa la skrepa, la vyuma chakavu.

"Mapacha," alisema, akirudi nyuma kulitazama gari. "Mama yao asingewatofautisha."

Hayo yalikuwa Jumatatu asubuhi, na gari la skrepa lilipita saa nne.

Baada ya chakula nilianza kushughulikia mikanda ya ngozi ambayo hulala katika maungio ya madigadi na bodi. Niliilaza ya zamani miwili juu ya meza ili niikatie mipya. Wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia kwa milimita kumi na moja. Niliipima upya, kisha nikaigeuza. Ngozi ilikuwa moja, uzi ulikuwa mmoja, idadi ya mishono ilikuwa ileile, na chini ya yote miwili kulikuwa na alama za rangi ya kijani ya kwanza kabisa, isiyo na rangi nyingine juu yake. Hakuna aliyewahi kuifungua tangu siku ilipofungwa.

Niliichukua yote miwili. Nikaenda nayo kwa Norman.

"Mzee Norman, nina swali la mikanda."

"Uliza, binti."

Nilimweleza. Aliichukua, akaigeuza kama nilivyoigeuza, akaweka kikombe cha chai ukingoni mwa benchi, kikaanguka. Hakukitazama.

"Haikugongwa," alisema.

"Sidhani, mzee."

"Ndugu mmoja alifanya kulia, mwingine kushoto. Kila mtu kwa jicho lake." Alikaa juu ya ndoo. "Ilizaliwa hivyo. Na mimi nimeikanyaga."

Glyn alizima moto wake, akavua kinyago. "Wenye skrepa wanabana mzigo kesho," alisema. "Inuka, mzee. Utalia ndani ya gari."

Waliondoka na gari la Glyn saa nane na nusu. Nilibaki nikikata ngozi ya kiti, nikaikata vibaya, jambo ambalo si kawaida yangu. Walirejea saa kumi na moja kasoro. Norman alikuwa ameishika madigadi kifuani, imefungwa kwa koti lake. Walikuwa wameikuta katika lundo la skrepa, chini ya mashine mbovu ya kufulia nguo. Mikunjo miwili ilikuwa yake mwenyewe. Wa tatu, pamoja na mpasuko wenye urefu wa kiganja, ulitokana na mashine ile.

"Angalau imefuliwa," Glyn alisema.

Bi Audrey alikuwa anakuja Alhamisi kuiona bodi kabla haijapakwa rangi. Mwenye karakana, mtu mpole aliyeogopa aibu kuliko hasara, alimwita Norman pembeni. Akamwambia kwamba madigadi mpya ni nzuri, kwamba bibi yule ana miaka themanini na mitatu, na kwamba hakuna wa kujua. Norman alisikiliza akisugua vidole vyake vyeupe. Siku ya Jumatano hakula mkate wake wa jibini. Alikwenda kwenye valvu ya gesi mara saba. Nilizihesabu bila kutaka.

Alhamisi bibi alifika na fimbo, amevaa viatu vya shambani. Kabla hajalifikia gari, Norman alimzuia njiani.

"Bi Fennimore, kabla hujaangalia. Nimekuharibia gari."

Alimwambia yote, pamoja na habari ya vidole. Mwenye karakana alikuwa akitazama sakafu. Bibi alikwenda mbele ya gari, akasimama mahali ambapo mtoto angesimama akimsubiri baba yake, akaliangalia uso kwa uso.

"Lilikuwa likinikonyeza," alisema. "Sasa linanikodolea macho tu." Kisha akageuka. "Unaweza kuirudisha ile ya zamani, Bwana Chettle?"

"Sijui. Mkono wa kulia bado unasikia. Nipe miezi mitatu."

"Unayo. Ila usiniombe mingine, nina umri wangu."

Alifanya kazi kwa mkono mmoja. Aliilainisha alumini kwa moto, akafungua mikunjo kidogo kidogo kwa nyundo ya mbao, akaipitisha kati ya magurudumu mawili ya chuma ya kunyooshea bati huku Glyn akishika upande wa pili. Mpasuko ulichomelewa. Matundu ya zamani yalizibuliwa katika ukingo wa bodi. Alipapasa kwa kiganja cha kulia, akafumba macho, akapapasa tena. Wiki ya sita alitaka kuacha. Wiki ya tisa alitaka kuacha mara mbili kwa siku moja.

Juma la mwisho aliniita.

"Lete mkanda wa zamani, binti. Ulaze wewe. Mimi siwezi kutazama."

Alitoka nje. Niliuanzia mlangoni mwa gari, nikaupitisha juu ya gurudumu, tundu baada ya tundu, hadi chini ya taa. Matundu ya ngozi yaliangukia matundu ya bati, kumi na manne kati ya kumi na matano. La mwisho lilikosea kwa unene wa ukucha.

Nilimwita. Nilimwonyesha kumi na manne kwanza, kisha hilo moja, kwa sababu angeliona.

Aliliwekea kidole cha kulia.

"Hilo ni langu," alisema. "Usikate ngozi kulificha. Liache lionekane."

Kisha akaenda kuiangalia valvu ya gesi. Mara moja.