Mkulima wa pamba wa Bunda aliyekataa Kitumba wake aishi milele

Saa mbili na nusu asubuhi, kata ya Mukendo mjini Musoma, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Rebeka Mwandu anavua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia avue. Anakaa kwenye kiti chenye magurudumu kwa tahadhari, kama mtu aliyepanda baiskeli ya kuazima, kisha anachomoa mche mzima wa pamba kutoka kwenye mfuko wa salfeti alioubeba tangu Bunda.

Anaulaza mche huo mezani, katikati ya kompyuta mbili. Udongo unamwagika kwenye kibodi. Vijana watano waliozunguka meza wanatazamana, na hakuna anayethubutu kupangusa.

"Hebu angalieni huu mzizi," anasema. "Mmemwongezea Kitumba mizizi kama nywele. Pamba haikuwagi na nywele chini. Ina mkia mmoja, unashuka wima."

Kitumba ni kiumbe wa kwenye gemu. Ana mwili wa tumba la pamba, miguu mifupi, na akifurahi kichwa chake kinapasuka na kuchanua nyuzi nyeupe. Ni mmoja wa viumbe themanini wa "Mbuga ya Viumbe", gemu ya simu inayotengenezwa na vijana hawa, ambayo sasa inaingia toleo la tatu. Mchezaji huzunguka porini, hukamata viumbe, huwalisha na kuwapambanisha na wa wenzake.

Na mama yake Kitumba, kwa maana ya aliyemchora, ni huyu mwanamke wa miaka arobaini na sita ambaye hadi leo hajawahi kushinda pambano hata moja.

Rebeka analima ekari tatu za pamba nje kidogo ya mji wa Bunda. Msimu ukiisha huchora mabango ya saluni, maduka na makanisa. Bango kubwa humpa shilingi elfu arobaini, na mwezi wa neema hupata matatu. Miaka mitatu iliyopita, mwenye duka la mbegu karibu na stendi ya Bunda alimwomba amchoree pamba ukutani.

"Nikaona pamba tupu watu watadhani ni mawingu," anasimulia. "Nikaipa macho. Nikaipa na kitambi. Nilikuwaga nachora huku nacheka peke yangu kama kichaa."

Evance Silasi, kiongozi wa kikundi cha Mukendo, alikuwa safarini kwenda Mwanza alipouona ukuta ule kupitia dirisha la basi. Alishuka kuupiga picha na kuuliza ni kazi ya nani. Basi likaondoka na begi lake, begi likaja kupatikana siku ya tatu.

"Begi lilikuwa na nguo tu," anasema Evance. "Pale ukutani nilikuwa nimeona kiumbe ambaye hakufanana na wa mtu yeyote."

Basi ikawa hivyo. Mchora mabango akapewa kishikwambi na kalamu yake, akafundishwa kufuta bila kutumia mate, na kwa miezi mitano akawa anakuja Musoma kila Jumanne. Umbo la kwanza la Kitumba lilipita bila neno. La pili likapita pia. Ugomvi ulizuka kwenye la tatu.

Gemu za namna hii zina kanuni moja kubwa: kadiri unavyokaa na kiumbe ndivyo anavyozidi nguvu. Kwa hiyo vijana walipanga kwamba mavuno yakiisha, Kitumba achipue upya kutoka kwenye shina lake la zamani, akiwa na pembe na misuli, na mwaka unaofuata aongezeke tena. Vijana hao wote ni wa familia za wavuvi wa ziwani. Pamba wanaifahamu ikiwa tayari shati.

Rebeka alipoonyeshwa mpango huo, aliweka kalamu chini.

"Hayo ni maotea," aliwaambia.

Mkulima yeyote wa Bunda angesema vivyo hivyo. Pamba ikishavunwa, mashina hung'olewa na kuchomwa moto kabla ya katikati ya Septemba. Yakiachwa huchipua, ndiyo maotea, na kwenye machipukizi hayo hujificha funza wa vitumba akisubiri msimu mpya. Shamba moja likizembea, jirani naye analia.

"Mtoto wa hapa akifundishwa kwenye simu kwamba shina la mwaka jana ndiyo lulu, kesho atamwambia baba yake aache kung'oa," Rebeka anasema, na sauti inampanda kana kwamba ugomvi ni wa leo.

"Mama Kija, hii ni gemu tu," Evance alimsihi, akimwita kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza.

"Na mimi ni mchora mabango tu, mwanangu. Lakini hilo silichori."

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kila kiumbe lazima awe na maumbo matatu, na michoro yote ilitakiwa kukamilika ndani ya wiki mbili. Bila umbo la tatu, Kitumba angeondolewa kabisa na nafasi yake kuchukuliwa na kiumbe wa muhogo aliyekwisha kuchorwa na mtu mwingine. Rebeka alirudi Bunda amenuna, akijua kwamba kwa mdomo wake mwenyewe huenda amemzika mwanawe wa ukutani.

Evance naye hakutaka kumpoteza Kitumba. Alichora mwenyewe lile umbo lenye pembe, akalipeleka Bunda kwa majaribio katika ukumbi wa kanisa. Walialikwa watoto kumi na wawili, wote wa nyumba za wakulima. Rebeka aliruhusiwa kukaa nyuma kwa sharti la kufunga mdomo.

Watoto walicheza kwa kelele. Walimlisha Kitumba, wakavuna nyuzi zake, wakatukanana kidogo kama ilivyo ada. Kisha msimu wa kwenye gemu ukaisha, muziki ukapigwa, na shina la zamani likachipua pembe. Vijana wa Mukendo walisubiri shangwe.

Boke Ryoba, msichana wa miaka kumi na mmoja, aliigeuza simu nyuma na mbele kama anayetafuta mahali ilipopasuka.

"Kitufe cha kung'olea kiko wapi?" aliuliza.

Akajibiwa hakuna.

"Sasa huyu si atajaa funza?"

Wenzake nao wakaanza kubonyeza kila pembe ya skrini. Saba wakamwacha Kitumba porini na kukimbilia kiumbe mwingine. Mvulana mmoja akazima simu kabisa, asije akaonekana na baba yake akifuga maotea. Happyness, msichana anayeandika matokeo ya majaribio, aliwauliza mmoja mmoja tatizo ni nini. Tisa kati ya kumi na wawili walimjibu kwamba gemu ni mbovu, ipelekwe kwa fundi.

"Tulidhani watajivunia kiumbe mwenye nguvu," anasema Evance, akijikuna kichwa. "Kumbe walituona sisi ni wavivu."

Rebeka anakiri kwamba alicheka hadi akatoka nje.

Jumanne iliyofuata kitufe kikawekwa, na yeye ndiye aliyetoa masharti. Kung'oa kusiwe kwepesi: mchezaji abonyeze kwa sekunde kumi bila kuinua kidole, huku Kitumba akimtazama. Kisha moto. Umbo la tatu sasa ni mbegu saba kwenye kiganja, na mbegu hizo huenda kwenye ghala la wachezaji wote. Msimu mpya ukianza, kila mmoja hupewa mbegu zilizotoka kwa wengine.

"Ndivyo inavyokuwaga," anaeleza. "Pamba yako inaenda kiwandani inachambuliwa. Mbegu inayorudi huwezi kujua ilikuwa ya nani."

Si kila mtu ameridhika. Katika majaribio ya pili huko Butiama, ambako watoto wengi waliofika hawakuwa wa nyumba za pamba, msichana mmoja alifika sekunde ya tisa mara tatu, na mara zote tatu akainua kidole. Happyness anahofia wapo watakaoifuta gemu kwa sababu hiyo.

Rebeka hamlaumu msichana huyo. Anasema amewahi kumwona mtu mzima akishindwa vilevile.

Ni baba yake, Mzee Mwandu, mwenye miaka sabini na tisa. Hajapanda pamba kwa miaka thelathini na miwili. Mwaka aliofiwa na mkewe, Septemba ilipita mashina yakiwa yamesimama, na msimu uliofuata funza walikula mashamba ya kaya saba. Hakuna aliyemshtaki. Walimhurumia, na huruma hiyo ndiyo iliyomwondoa kwenye kilimo. Akabaki na mbuzi.

"Wapo waliosema ni uvivu," Rebeka anasema. "Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nilimwonaga. Anaenda shambani asubuhi, anashika shina, analiachia, anarudi nyumbani. Ile pamba ilipandwa na mama."

Kwa wiki tatu sasa mzee huyo ana Kitumba wake kwenye simu ya binti yake. Kila asubuhi huuliza kama amekula. Msimu wake unaisha Jumapili hii, na Rebeka ameshamweleza kinachofuata. Mzee aliomba tu Kitumba asiguswe na mtu mwingine.

Baada ya ibada, Rebeka amepanga kukaa naye barazani, wawili tu.

Na mzee akishindwa tena?

"Sekunde kumi ni nyingi kwake," anasema taratibu. "Nitaweka kidole changu juu ya chake."