Mikono ya Wifi

Kijiji kizima cha Fagaloto kimepita chini ya mikono ya Fuatino. Sitii chumvi. Mchungaji amelala kifudifudi kwenye mkeka wake akiguna kama mtu mwingine yeyote. Wazee wa baraza nao, na akina mama waliotoka kujifungua, na watoto waliotegua miguu wakiruka mawe ya pwani. Hata mwalimu mkuu, yule anayejifanya haumwi chochote, aliwahi kubebwa hadi pale kwa ajili ya mgongo. Shingo ikikukaza, au mawazo yakikusonga mpaka chakula hakipiti, unakwenda kwa Fuatino na chupa yako ya mafuta ya nazi, unalala, unanyamaza. Ukianza kumwonyesha panapouma anakwambia, "Kama unajua sana, jikande mwenyewe." Basi unafunga mdomo.

Yeye ni mjane mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita nguruwe toka ng'ambo ya mto, na anajua kwamba ni hodari. Hilo hajawahi kulificha. Mikono aliirithi kwa mama yake, na mama yake aliirithi kwa bibi, ila yeye alizaa wavulana watupu na wote wamekwenda kufanya kazi Nyuzilandi. Watu wakimuuliza siku akiondoka duniani itakuwaje, hujibu kwamba hana safari ya karibu.

Ugonjwa anaoumudu kuliko yote ni wa to'ala. Kwetu Samoa kila mtu ana to'ala yake, kiini cha uhai kinachodunda tumboni, na makao yake ni chini ya kitovu. Ukijitwisha kazi kupita kiasi, ukishinda na njaa, ukimeza maneno ambayo ungeyatoa, inahama. Inaingia ubavuni, inapanda kifuani, na hapo ndipo usingizi unapokimbia, kiuno kinakata na pumzi inakuwa fupi. Hospitali wana dawa nzuri kwa mambo yao. To'ala hurudishwa kwa mkono na mafuta, polepole, kama unavyomrudisha kuku bandani bila kumshtua.

Sasa mwaka ule, sikukuu ya Uhuru ikikaribia, to'ala iliyohama ilikuwa ya Ielemia, kaka yake Fuatino.

Ielemia ndiye mshika usukani wa fautasi yetu, ule mtumbwi mrefu wa mashindano unaojaa wapiga makasia mpaka huoni mbao. Wao hukaa; yeye husimama nyuma kabisa na kasia refu la usukani mikononi, na chombo kizima kinategemea kiuno chake. Mwaka uliotangulia jirani zetu wa Lotofuti walitupita kwa pua ya mtumbwi tu, wakatutungia wimbo, wakauimba kwenye kila harusi waliyoalikwa. Kwa hiyo kila mtu Fagaloto alikuwa na deni la roho na Lotofuti, na Ielemia kuliko wote.

Lakini mwaka huohuo Ielemia alikuwa amevikwa cheo cha ukoo. Na cheo, jamani, si kofia. Msiba huu anatakiwa yeye, ndoa ile anatakiwa yeye, paa la kanisa, mpaka wa shamba, mpwa aliyefukuzwa kazi, wote wanakuja kukaa barazani kwake wakitazama mikono yake. Na yeye ni mtu wa neno moja: sawa. Sawa, nitaangalia. Sawa, niachieni. Asubuhi moja kwenye mazoezi aliinama kuokota kasia, akabaki ameinama hivyohivyo, wakamtoa majini wakiwa wamembeba kama meza. Hospitali walimpima, wakasema mifupa mizima, wakampa vidonge na kumwambia apumzike. Alipumzika. Maumivu yalipungua kidogo, lakini usingizi haukuja, chakula hakikupita, na akisimama kwa muda wa kuvuta sigara moja tu jasho linamtoka.

Watu wote walimgeukia Fuatino. Kisha wote wakatazama chini.

Kwetu kaka na dada wakishakuwa wakubwa hawagusani. Dada ni mtu wa heshima kwa kaka yake, heshima isiyopimika. Hawaketi mkeka mmoja, na mzaha wa kikubwa ukianza huku mmoja wao yupo, mwingine anainuka anaondoka. Sasa dada apake mafuta tumbo la kaka yake? Bora mtumbwi uzame. Mpiga kasia mmoja, Sakalia, kijana mwenye mdomo mrefu kuliko akili, alipendekeza Fuatino avae glovu za zahanati. Fuatino alimtazama, akaendelea kumtazama, mpaka Sakalia akaondoka bila kumaliza kikombe chake cha kakao.

Mkandaji mwingine wa maana alikuwepo, tatizo alikuwa Lotofuti. Fuatino mwenyewe alikiri kwamba mzee yule ana mkono mzuri. Lakini ukimlaza mshika usukani wako kwenye mkeka wa Lotofuti, kabla jua halijazama kijiji chote kitajua ni upande gani unaomuuma, na siku ya mashindano watambana upande huohuo. Ielemia alisema afadhali afe na kiuno chake.

Basi akabaki Senira, mke wa Ielemia.

Hapo Fuatino alikosa raha kabisa. Senira alikuja kuolewa kwetu akitokea Savai'i, anakaanga maandazi na kuyauza kando ya barabara, anacheka kanisani, anaongea na chakula mdomoni. Fuatino hakuwahi kumpenda wala kumchukia. Alimchukulia kama mvua ya mchana, kitu cha kuvumilia tu. Na mikono ile ilikuwa ya mama yake na bibi yake, ya damu moja. Kumpa mtu wa nje aliona ni kama kugawa shamba la ukoo. Alikaa na jambo hilo siku kadhaa, akiwakanda watu kwa hasira hadi mchungaji akalalamika. Kisha akasikia Ielemia amewaambia wazee wamtafute mtu mwingine wa kushika usukani, na kwamba aliposema hivyo sauti yake haikutoka vizuri. Fuatino alichukua chupa ya mafuta, akaenda nyumbani kwa wifi yake.

"Vua fulana ulale," alimwambia Senira. "Mwili wako ujue kwanza, ndipo mikono yako ijue."

Alimkanda mchana kutwa, akimweleza kila anapogusa. Kesho yake walibadilishana. Senira alimpiga wifi yake mgongo kama anavyopiga donge la unga mezani, na Fuatino akapandisha ile sauti yake ya kuita nguruwe.

"Kaka yangu si andazi, wewe!"

"Andazi halipigi kelele hivi, wifi," Senira alijibu, akaendelea.

Lakini aliendelea taratibu, na taratibu zaidi, hadi vidole vyake vikasimama chini ya bega la kushoto la Fuatino. Alibonyeza tu pale, akasubiri. Fuatino alitaka kumwambia asogee, ndipo akatambua kwamba toka mume wake afariki hakuna mtu aliyemgusa mgongo. Yeye anakanda kijiji. Ni nani angethubutu kumkanda yeye? Machozi yalimtoka bila ruhusa. Alisingizia mafuta yamemwingia jichoni, na Senira, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alinyamaza wakati wa kunyamaza.

Siku ya Ielemia ilikuwa Jumamosi asubuhi, wanaume wengine wakiwa mashambani kuchimba magimbi ya Jumapili. Walimlaza ndani ya nyumba yake isiyo na kuta, wakateremsha mapazia ya makuti pande zote. Senira alipiga magoti ndani. Fuatino alikaa nje juu ya mawe ya msingi, mgongo wake umelielekea pazia, uso umeelekea barabarani, ili mpita njia yeyote aone kwamba dada yuko pale panapomstahili dada. Hakuweza kuona, hakuweza kugusa. Alikuwa na masikio tu na mdomo, na kaka yake alikuwa karibu kiasi cha kusikia anavyopumua.

Kwa heshima hawakuzungumza moja kwa moja.

"Mwambie dada panakata hapo," alisema Ielemia.

"Nimesikia. Mwambie anyamaze."

"Anasema unyamaze," alisema Senira, akicheka.

Walianza na kiuno, wakaja mbavu, wakamgeuza chali. Fuatino aliagiza kama nahodha. Kiganja kipashe moto kwanza. Usibonyeze akivuta pumzi, subiri aishushe. Alikuwa ameshapiga hesabu kichwani siku nyingi: kwa namna kaka yake alivyotembea ameegemea upande mmoja, to'ala lazima imejificha ubavu wa kushoto.

"Ingia chini ya mbavu za kushoto," alisema, "uilete kuelekea kitovu."

Viganja vilisikika vikitafuta. Kisha Senira akasema, "Wifi, hapa hamna kitu."

"Ipo. Ingia ndani zaidi."

"Hamna. Iko juu, chini ya kifua, upande wa kulia. Inagonga."

Fuatino alihisi damu inampanda usoni. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hamna pale aliposema ipo. Na hofu ilimshika, hofu hasa, kwa sababu to'ala iliyopanda kifuani ukiisukuma vibaya inamfunga mtu pumzi, na aliyewahi kuliona hilo kwa macho yake hapo kijijini ni yeye peke yake. Kama huyu muuza maandazi amekosea, atamuua kaka yake. Kama ni yeye Fuatino aliyekosea, ameshamwagiza wifi asukume pasipo na kitu. Aligeuka. Mkono wake ulikuwa umeshashika ukingo wa pazia. Angelivuta tu, angepiga hatua moja, angejua ukweli kwa ncha ya kidole. Kaka yake aliuona ule mkono wa dada yake kwenye kuti. Kwenye upenyo uliofunguka Fuatino alimwona akifumba macho, akigeuza uso upande wa pili, kama mtu anayesema fanya utakalo, sitaona.

Hilo ndilo lililomrudisha. Kwamba Ielemia, mtu wa sawa, alikuwa tayari kumeza hata hili.

Aliliachia pazia. Akageukia barabara tena.

"Senira," alisema, na hakuwahi kumwita kwa jina lake kabla ya hapo. "Mimi sioni kitu. Wewe ndiye uliyeigusa. Fuata mkono wako."

"Na nikikosea?"

"Umekanda mgongo wangu ukapajua pasipojulikana na mtu. Fuata mkono wako, wifi."

Akakaa. Alisali, nadhani, ingawa mwenyewe anakana. Alisikia mafuta yakimiminwa, akasikia kiganja kikiteleza kwa mwendo mrefu, tena, na tena, bila haraka. Gari lilipita barabarani, mtu akampungia, hakumpungia. Kisha ndani ya nyumba Ielemia alitoa pumzi moja ndefu, ndefu mno, pumzi ya mtu anayetua mzigo wa mwaka mzima, na baada ya hapo akaanza kulia kwa sauti. Mtu mzima, mwenye cheo, analia kama mtoto aliyepotea akaonekana. Alilia mpaka akalala usingizi hapohapo. Senira alitoka nje, mikono imelowa mafuta, akaketi juu ya mawe karibu na wifi yake. Fuatino aliishika ile mikono, akaifuta mafuta kwa kanga yake, kidole kimoja kimoja.

Walirudia kila siku hadi sikukuu. Na Ielemia alianza kusema neno jipya. Mjumbe alipokuja na habari za paa la kanisa, alimwambia: mwezi ujao.

Siku ya mashindano alisimama. Sitawasimulia mbio zote. Tulikuwa wa tatu kati ya vyombo vyote, lakini wa nne walikuwa Lotofuti, na hilo ndilo tulilolihitaji. Ielemia alisimama toka mwanzo hadi mwisho, miguu ameikita, kiuno kinakwenda na kasia, na pwani nzima ya Fagaloto ikipiga mabati.

Kwenye karamu, wakati nguruwe wameshakatwa na kila mtu ameketi mahali pake, msemaji wa wazee aliinuka na fimbo yake. Alisema maneno mazuri marefu ya desturi, kisha akautandaza mkeka wa heshima, ule laini wenye manyoya mekundu, akatangaza kwamba kijiji kinautoa kwa mkono uliomsimamisha mshika usukani, mkono wa Fuatino binti wa wakandaji. Vijana wawili waliuinua kumpelekea.

Msemaji hasahihishwi. Haijawahi kutokea, hata pale alipomtaja marehemu kana kwamba yuko hai. Fuatino aliusubiri mkeka ufike, akaupokea, akaugusisha kichwani kwa adabu. Kisha, badala ya kuukunja, akainuka nao.

"Mzee, samahani, umekosea jina," alisema, na ile sauti haikuhitaji kipaza sauti. "Mimi sikumgusa kaka yangu. Nilikaa nje natazama magari."

Watu waliacha kutafuna. Fuatino alivuka uwanja mpaka kwa wanawake waliokuwa wakigawa chakula, akamkuta Senira na sahani mkononi na gimbi mdomoni, akamfunika mkeka mabegani mbele ya kijiji chote.

"Huyu ndiye mkandaji," alisema. "Aliniambia nimekosea, na kweli nilikosea. Aliyemfundisha ni mimi, na hilo pia litangazwe."

Senira alijitahidi kulimeza gimbi, likakataa.